Kitambaa cha Mayu na Diski Kumi na Mbili

Vijana, kabla sijasema neno kuhusu seva na diski, niseme kwanza kuhusu mama mkwe. Najua mmeshaanza kuguna. Mliniomba niwaandikie jinsi ya kutafuta hitilafu pale seva inapopoteza mawasiliano na diski zake, na nitaandika, msiwe na wasiwasi. Lakini somo lenyewe nililipata nikiwa nimekaa kwenye stuli ya plastiki nje ya pazia, na ndani ya pazia yuko mama aliyemzaa mke wangu. Habari hizi mbili siwezi kuzitenganisha hata mkinibembeleza.

Naitwa Luhende. Nimestaafu ufundi wa kompyuta katika kampuni ndogo ya hapa Shinyanga mjini, iliyohudumia maofisi ya mjini na makambi ya machimbo kuanzia Bugarama hadi Geita. Nimepuliza vumbi jekundu kwenye mashine nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu. Nimemtoa mjusi ndani ya seva akiwa hai, akanitazama kama mimi ndiye niliyeingia nyumbani kwake bila hodi. Na nimewahi kuongea na mnunuzi wa almasi wa Maganzo kwa simu saa nzima, namuuliza taa za mashine, ananijibu kwa uhakika, "Fundi, zinawaka zote, nyekundu na kijani," nami nampa maelekezo moja baada ya jingine, mpaka nilipofika mwenyewe na kukuta alikuwa ananisomea taa za stebilaiza ya friji. Friji lilikuwa zima kabisa. Tulicheka mpaka wateja wake wakaja kuuliza kuna nini.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na Mzee Idd, fundi redio ambaye babu yake alitoka Pangani kuja huku kufanya biashara ya nguo, akakutana na msichana wa Kisukuma, habari ya kurudi pwani ikaishia hapo. Kompyuta zilipoingia mjini Mzee Idd hakuziogopa. Alisema ni redio zenye kiburi. Alikuwa ananifumba macho kwa kanzu yake kuukuu, ananipa waya mkononi, ananiambia nitafute tundu lake na nichomeke. Nikichomeka ananiuliza, "Umesikia?" Nikisema sijasikia, anasema, "Basi haujaingia." Waya ukikaa sawasawa hutoa mlio mdogo, tak, na mkono wako unaisikia hiyo tak hata kama sikio halikuisikia. Nilichomeka waya nikiwa nimefumbwa macho wiki nzima. Wapita njia walidhani ni adhabu.

Sasa nirudi kwa mama mkwe.

Kwa wale ambao si Wasukuma niwafafanulie kidogo. Kwetu mwanaume hamsogelei mama mkwe wake hovyo. Hamshikani mikono. Hamkai benchi moja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kando kusubiri mwenzake apite, na mara nyingi anayeingia kando ni wewe mwanaume, hata kama huko kando ni miiba mitupu. Huo si ugomvi, ni heshima, na kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokwepana kwa bidii. Mimi na Mama Kabula tulipendana mno. Kwa miaka kumi na tano tulikuwa tumekwepana vizuri kabisa, bila hitilafu hata moja.

Kabula ndiye mke wangu. Mama yake alikuwa mtunza sauti katika redio moja ndogo, kule Kambarage. Redio hiyo ilikuwa na kanda za zamani zimejaa maboksi: wacheza ngoma, wazee wakisimulia walivyohama na ng'ombe wao, wanawake wakiimba kwenye palizi, watu wakiwasalimia ndugu zao waliokwenda kuchimba dhahabu na hawakurudi. Kanda zilikuwa zimekauka, nyingine ukizicheza mara moja zinakatika, na mchwa nao walikuwa wameshaanza kula maboksi kuanzia chini. Mama Kabula akapewa kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Alizicheza moja moja, akasikiliza kila moja mwanzo hadi mwisho, akaandika nani anasema na alitoka kijiji gani. Kazi hiyo ilimchukua miaka mitatu. Sauti zote zikakaa kwenye kabati la diski kumi na mbili, kabati la chuma lenye ukubwa wa sanduku la nguo, lililounganishwa na seva kwa waya mmoja mnene. Nakala ya pili haikuwepo popote. Msinitazame hivyo. Barua za kuwaambia wanunue kabati la pili niliziandika mwenyewe.

Kwa kuwa mama mkwe yuko pale, mimi sikuwahi kukanyaga redio ile. Nilikuwa namtuma mwenzangu. Siku ya tukio wenzangu wote walikuwa Geita, kwenye kambi moja ya mgodi, nami ndiye pekee niliyebaki mjini. Saa tatu asubuhi meneja wa redio akanipigia.

"Luhende, sauti zimepotea."

"Sauti gani?"

"Zote! Na leo ndiyo siku ya Mama Kabula."

Nilijua siku yenyewe, maana Kabula alikuwa ameisema nyumbani mwezi mzima. Mama alikuwa anastaafu. Saa sita mchana angeingia hewani mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani mwake, acheze sauti alizozichagua na kuzisimulia. Watu walishatangaziwa, mpaka Maganzo walikuwa wanasubiri. Na wageni wa mkoa wamealikwa kuja kuiona hiyo kazi yake.

Nikafika jasho linanitoka. Chumba cha seva zamani kilikuwa stoo ya mafagio. Ukimweka mtu mzima mmoja, kimejaa. Mlangoni kulikuwa na pazia la maua. Meza ya Mama Kabula ilikuwa humo humo ndani, kwa sababu kiyoyozi pekee cha jengo zima kilikuwa humo, na seva na mama walikigawana.

"Mwambieni mama atoke kidogo nifanye kazi," nikamnong'oneza meneja.

Sauti ikatoka ndani ya pazia. "Sitoki. Nimekaa na sauti hizi miaka mitatu. Sitoki mpaka zirudi."

Basi. Yeye hatoki, mimi siingii. Meneja, mtu wa Tanga asiyejua mambo yetu, akabaki anatutazama, mara pazia, mara mimi.

"Mwangaluka, mayu," nikasema kwa pazia. Mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi, mayu ni mama.

"Mwangaluka, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mayu. Shikamoo."

"Marahaba. Watoto wazima?"

"Wazima, mayu."

"Kabula je, kile kifua?"

"Kimepona, mayu."

"Na mvua huko kwenu Ngokolo imenyesha?" Ngokolo ni mwendo wa mguu tu kutoka pale.

"Imenyesha kidogo, mayu."

Meneja alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Lakini salamu haikatwi katikati, vijana. Hata seva ikiwaka moto, salamu mnaimalizia nje.

Tulipomaliza, meneja akavuta nyaya za skrini na kibodi zikapita chini ya pazia, akaniwekea kwenye stuli ya pili pale koridoni. Mimi nikawa macho, Mama Kabula akawa mikono. Sijawahi kufanya kazi namna ile, kabla wala baada.

Seva yenyewe ilikuwa nzima. Iliwaka, ikasoma kila kitu chake, ikafika kwenye diski ikasema haioni hata moja. Nikakumbuka friji la Maganzo.

"Mayu, lile kabati la chini, lenye diski kumi na mbili, siyo ile seva iliyo juu. Taa zake zina rangi gani?"

"Kijani. Zote kumi na mbili. Zinapendeza kweli."

Kijani maana yake umeme unafika. Nikauliza swali ambalo kila fundi analiuliza: "Kuna kitu chochote kimebadilika tangu jana?"

"Hakuna, baba. Mimi ndiye nilifunga jana, mimi ndiye nimefungua leo. Nimepanga ofisi tu, kwa ajili ya wageni."

Hapo, vijana, ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Angekuwa mtu mwingine ningemwuliza amepanga nini, amesogeza nini, ameshika wapi. Lakini nani anamhoji mama mkwe kama askari wa upelelezi? Nikasema, "Vizuri, mayu," nikahamia kwenye skrini. Tangu siku ile sikuuliza tena mtu kama kuna kilichobadilika. Nilikuwa namwambia, "Nisimulie jana yako tangu ulipoingia hapa." Watu hawajui walichobadilisha, lakini siku yao wanaijua vizuri sana, na wakianza kuisimulia hawaishii njiani.

Nikazima seva, nikasubiri, nikawasha. Diski zikaonekana kumi na mbili! Meneja akapiga kofi. Kabla kofi halijaisha zikapotea. Nikawasha tena, hazipo. Mara ya tatu zipo, hazipo, zipo. Kila kuwasha kunachukua karibu dakika kumi, na saa ya ukutani haikuwa na huruma. Nje nikasikia gari za wageni. Studio nako mtangazaji anawaambia wasikilizaji kwamba kuna tatizo dogo la umeme linashughulikiwa. Masikini umeme, hapa kwetu tunausingizia hata mchuzi ukiungua.

Ilipokaribia saa tano na nusu skrini ikanitolea maneno mapya. Hapa mnisikilize vizuri. Ndani ya seva kuna kadi inayosimamia diski, na ile kadi inakumbuka diski zake na mpangilio wake. Diski zikipotea ghafla na kurudi ghafla, kadi inazishangaa. Inaziona kama wageni. Inakuuliza: hizi diski ngeni, nizipokee na mpangilio zilizokuja nao, au nifute huo mpangilio tuanze upya?

Ukichagua kupokea, kila kitu kinarudi. Ukichagua kufuta, diski zinabaki nzima, zinawaka kijani, zinapendeza kweli, ila hakuna anayejua tena sauti gani iko wapi. Kwa ufundi tuliokuwa nao pale Shinyanga, zingekuwa zimekwenda.

Nililijua hilo. Nilikuwa nimewafundisha wengine. Lakini nilikuwa na kiwewe, wageni wako mlangoni, na akili yangu ikaona neno moja tu: futa. Nikajiambia nifute haya matatizo niwashe mara ya mwisho. Kidole kikaenda kikakaa juu ya kitufe.

"Baba," sauti ikatoka ndani ya pazia, "samahani kukuingilia. Hiki kitambaa kimepinda, wageni watakiona. Nikikivuta upande huu, taa za mbele zinachezacheza."

Pale pale kwenye skrini diski zote zikapotea, na lile swali likaondoka nalo.

Nikaondoa kidole. Nikakiweka mfukoni kabisa.

"Kitambaa gani, mayu?"

"Si kile nilichofuma! Hujakiona? Aa, utakionaje, uko nje." Sauti yake ikajaa raha. "Nimekifuma miezi miwili kwa ajili ya leo. Kina maua mekundu. Nilisema wageni wa mkoa wakute kabati la sauti limevikwa, siyo bati tupu kama la stoo ya pamba. Nimekitoboa vizuri, nimeacha na tundu la waya, upite katikati ya ua."

"Waya ukapitaje katikati ya ua, mayu?"

"Nikauchomoa, nikaupitisha, nikaurudisha. Pale pale ulipokuwa."

Sebuleni kwenu redio imevikwa kitambaa. Televisheni imevikwa, na viti, na friji. Mama yeyote wa hapa angelivika lile kabati, na angelivika siku hiyo hiyo ya wageni. Hakuona kwamba amebadilisha kitu, aliona amekiheshimu. Nikaanza kucheka, vijana. Nikajiziba mdomo kwa shati, maana huwezi kumcheka mama mkwe, na ukijizuia ndiyo kicheko kinazidi. Meneja alidhani nalia, akanipigapiga mgongoni.

"Mayu," nikasema nilipopata pumzi, "shika ule waya pale unapoingia kwenye kabati. Usibonyeze kitu. Uvute taratibu tu."

"Umetoka wenyewe, baba. Haukushika kabisa."

"Tazama kichwa chake."

Akashtuka: "Yaya! Kuna uzi. Mwekundu. Uzi wangu!"

Kitanzi kimoja cha ua kilikuwa kimeingia pamoja na waya, kikaketi kati ya kichwa na tundu. Waya ulikuwa unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, kila upepo wa kiyoyozi ulipokitikisa kitambaa. Zile zipo na hazipo zote zilikuwa uzi mmoja wa kufumia.

Mimi kwenye mkoba nilikuwa na koleo, bisibisi, kipima umeme na vitu vingine vya kujionesha. Hakuna kilichoweza kuutoa uzi ule kwenye tundu jembamba vile bila kupinda pini. Mama Kabula hakuniuliza. Nikamsikia anafungua mkoba wake, anatoa ile sindano ya kufumia yenye ndoano, na kwa mkono uliokuwa umefuma miaka hamsini akauchokonoa uzi wote, hadi unyuzi wa mwisho.

"Sasa chomeka, mayu. Usitazame. Sikiliza. Utasikia tak."

Pale koridoni tulitega masikio wote, mimi, meneja na wageni wawili wa mkoa waliokuwa wamefika wakasimama tu bila kuelewa chochote.

"Imesema," Mama Kabula akajibu.

Nikawasha. Kumi na mbili. Nikasubiri. Kumi na mbili. Nikatikisa pazia upepo uingie, kumi na mbili. Lile swali likarudi, na safari hii nililisoma neno kwa neno, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, nikachagua kupokea. Dakika chache baadaye kutoka ndani ya pazia kikatoka kicheko cha mzee mmoja aliyerekodiwa kabla mimi sijaoa, na kicheko cha Mama Kabula juu yake.

Saa sita kamili aliingia hewani. Walimpitishia kipaza sauti humo humo chumbani, akakataa kuliacha kabati. Mimi nikabaki kwenye stuli yangu. Meneja alikuwa amemwandikia maneno ya kufungulia, kuhusu tatizo la umeme. Aliyaweka kando.

"Wasikilizaji," alisema, "mmeambiwa umeme. Yaya, hapana. Umeme leo hauna kosa. Nilichomoa waya mimi mwenyewe, ili kitambaa changu kikae vizuri, na nikaurudisha vibaya. Sauti za wazee wenu nusura nizipoteze mimi. Mnisamehe." Halafu akasema, "Mkwe wangu yuko hapo nje ya pazia. Hakunifokea. Na yeye hakuna alichoharibu. Wabeja, baba, asante sana."

Watu walipiga simu mpaka laini zikazidiwa. Walikuwa wanacheka, wanampongeza, mama mmoja wa Maganzo akaomba apewe mfano wa lile ua. Mimi nikaletewa sahani ya pilau kupitia chini ya pazia, imefunikwa sahani nyingine, na nyama zote nzuri zimewekwa juu. Nilikula nimeinamisha kichwa.

Kile kitambaa alinipa baadaye, kupitia kwa Kabula. Kipo juu ya televisheni yangu, na ua moja limepungukiwa uzi. Ninyi mkija kunisalimia mnaniuliza kwa nini mimi fundi nimekubali televisheni ifunikwe. Sasa mmejua.

Siku hizi mnaingia kwenye seva ya watu mkiwa nyumbani kwenu, mnakunywa chai. Nakala mnazo tatu, moja iko nchi nyingine. Hongereni, nafurahi kweli. Lakini mwisho wa yote kuna waya umeingia kwenye tundu, na kuna mtu aliyeushika jana akiwa na sababu nzuri tu. Anzeni na mkono kabla ya skrini. Na skrini ikiwauliza swali lenye neno kufuta, ondoeni kidole kwanza, ndipo msome.

Nimewaomba wale wa redio waisome barua hii hewani, saa sita mchana, kwa sababu kuna mtu wa miaka sabini na kitu ambaye haachi kusikiliza saa hiyo, na kuna jambo sijawahi kumwambia. Siwezi kumwambia tukiwa tumekaa pamoja, kwa kuwa hatukai pamoja. Pazia la redio linatutosha.

Shikamoo, mayu. Siku ile ulisema hakuna nilichoharibu, nikanyamaza, nikala pilau yako. Uliponiita kuhusu kitambaa, kidole changu kilikuwa tayari juu ya kufuta. Ungechelewa kukivuta kwa muda wa pumzi moja tu, ningezimaliza sauti zote, miaka yako yote mitatu, na ningeusingizia umeme. Wewe ulikiri mchana ule ule mbele ya mji mzima, mimi nimechelewa mpaka nimestaafu. Naomba unisamehe. Niko hapa nje nasubiri, nami nakujua, utaitika marahaba kwanza, utaniuliza watoto, utaniuliza mvua, ndipo utanigombeza.